Nilivyomtetea Binti kwa Kikombe cha Kahawa

Ijumaa, hapa mjini Ibra, niliitwa kwa mume wa dada yangu nimtetee binti yao, anayetaka kusomea hisabati ya safari za anga. Binti mwenyewe ndiye aliyekuwa akitumiminia kahawa.

"Mtoto wa kike na mambo ya anga, wapi na wapi?" akauliza shemeji.

Nikajikohoza kwa mbwembwe. "Shemeji, Marekani alikuwepo mama mmoja mweusi, bingwa wa hesabu. Rubani wa anga alikataa kuruka mpaka mama yule ahakiki kwa mkono wake hesabu za kompyuta!"

Kikombe changu kilikuwa kitupu. Nikakizungusha juu ya sahani ya tende kuonyesha safari, kisha nikakitikisa, waone chombo kinavyotetemeka kikirudi duniani.

"Bil-afya, Mjomba," binti akanitakia afya kama mtu aliyemaliza kunywa, akakipokea na kwenda nacho jikoni. Huku kwetu ukitikisa kikombe umesema umetosheka, na mimi nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja tu.

Shemeji akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Wallahi, akasome! Ukoo huu unahitaji mtu wa kuhakiki kabla hamjaruka."

Nilidhani mfano utakaomwokoa binti ni yule mama. Kumbe mfano ulikuwa mimi.