Mama Zipu na Gauni Jeupe

Mtaani walimwita Mama Zipu. Hakuna fundi aliyejua kuficha zipu kama yeye: ubavuni, mgongoni, chini ya mkunjo, mpaka mvaaji mwenyewe akawa hajui nguo yake inafungukia wapi. Utepe na lastiki alivifahamu vilevile. Wateja walisema huo ndio mtindo wake. Ukweli ulijulikana na mumewe na binti yake tu: Mama Zipu aliogopa vifungo.

Si utani. Kifungo kikidondoka sakafuni, yeye alikuwa tayari juu ya kiti, viganja vimelowa, moyo unatwanga kama mchi. Mteja akija na koti la vifungo, alimpima uso kaugeuzia dirishani, na vipimo vilitoka vya tembo. Akili yake ilijua fika kwamba kifungo hakiumi wala hakimkimbizi mtu. Lakini woga haukungoja ushauri wa akili. Ulifika kwanza, ukakaa kiti cha mbele. Ulianzia wapi, hakukumbuka.

Mumewe, dereva wa lori, nyumbani alivaa fulana tu. Kampuni ilipompa shati la sare, akawa kila jioni analivulia kwa jirani yao, fundi viatu.

"Wenzako wananiletea viatu," fundi viatu alimtania, "wewe unaniletea shati. Kwani huko kwako kuna nini?"

"Joto, ndugu yangu. Joto!"

Siku binti yao alipomaliza masomo ya unesi, alirudi na kitambaa cheupe kwapani.

"Mama, mwezi ujao naanza kazi. Sare unishonee wewe."

"Hiyo tu? Nitakutilia zipu mpaka daktari aulize fundi nani."

"Ni ya vifungo, mama. Mbele, toka shingoni hadi chini."

Cherehani ikanyamaza.

"Mpelekee fundi wa sokoni, mwanangu."

"Nguo yangu ya kwanza duniani uliishona wewe. Na hii ni ya kwanza kazini. Sitaki mkono wa mtu mwingine."

Mama hakulala vizuri. Asubuhi alikuta chupa ya kioo kwenye kona ya mbali ya chumba cha kazi. Ndani, kifungo kimoja cheupe.

"Wewe shona kazi zako," binti alisema. "Chenyewe kikae kule."

Siku baada ya siku chupa ilisogea hatua moja karibu na cherehani. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo hili lilikuwa na makelele.

"Leo kimeninunia!"

"Mama, kifungo hakina mdomo."

"Kina matundu manne! Kinanitazama na macho yote manne!"

Siku chupa ilipofunguliwa, alikurupuka hadi mlangoni. Binti akamshika mkono, taratibu.

"Usikimbie, mama. Simama hapo hapo. Woga ni kama maziwa jikoni: yanapanda, yanapanda, halafu yanashuka yenyewe."

Wakasimama. Yakapanda. Kweli, yakashuka. Mama Zipu akanyoosha kidole, akakigusa kifungo. Kilikuwa baridi, laini, kidogo kuliko woga wake wote.

"Loo," alinong'ona. "Kumbe wewe ni mtoto tu."

Gauni alilishona mwenyewe, vifungo vyote, akihema, akicheka, akikitukana kila kimoja kwa zamu. Binti alipolivaa, baba alifuta macho kwa fulana. Fundi viatu akaitwa aje kuona. Akazunguka, akatikisa kichwa.

"Kazi safi. Ila, Mama Zipu, vifungo umeviweka upande wa shati la mwanamume!"

Kweli. Fundi wa miaka yote hiyo hakuwahi kujifunza upande wa vifungo. Alivikwepa tangu uanagenzi. Nyumba ikaangua kicheko, naye akicheka kuliko wote huku akitafuta mkasi.

"Vua upesi nigeuze!"

"Thubutu!" Binti alilikumbatia gauni. "Hivi hivi naenda navyo. Wagonjwa wakiuliza, nitawasimulia."

Siku ya kwanza ya kazi, akaenda navyo.

Jioni hiyo fundi viatu alimwona dereva akipita kibandani kwake bila kusimama. Dereva alifika mlangoni kwake na shati la sare mwilini, limefungwa hadi kooni.

"Mke wangu, niingie?"

Mama Zipu alimtazama. Viganja vikalowa kidogo. Akangoja, maziwa yakashuka.

"Ingia," alisema. "Ila leo ukae kwenye kona ile ya chupa. Kesho utasogea."