Kipimo na Mashine ya Vumbi

Mume wangu mtaani wanamwita Kipimo, na jina hilo hakuliokota njiani. Ubao mmoja ataupima, ataupima tena, atakuna kichwa, kisha aniulize mimi naonaje. Mtu wa namna hiyo ukimtuma akachague kitu dukani umemtafutia ugonjwa. Hata ndoa yetu ilichelewa kwa sababu hiyohiyo, ila hayo tuyaache.

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye paa la bati. Msumeno wa umeme na mashine ya kuranda viko upande wa mlango, mimi niko kule mwisho kwenye kona, napiga msasa. Kila kiti kinachotoka pale kimepita mikononi mwangu. Kazi hiyo naipenda, na sioni haya kusema hakuna anayenifikia. Basi kikohozi kikaniganda, na kitambaa nilichojifunga puani hakikusaidia kitu. Daktari alinisikiliza kifua, akatutazama sote wawili, akasema vumbi la mbao litoke humo ndani, la sivyo nitoke mimi.

"Litatoka," Kipimo akamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Hakujua lolote.

Akaanza kuuliza watu, na hapo ndipo alipojiharibia. Jirani yetu fundi wa kuchomelea akamwambia achukue mashine ya pipa, ile ambayo upepo unazunguka ndani na maranda yanaanguka chini. Muuza duka akasema pipa ni la viwanda vikubwa, yeye achukue ya mfuko: feni inavuta kwa bomba, uchafu unaishia kwenye mfuko wa kitambaa. Shemeji, mdogo wake, akasema hao wote wanatafuta ulaji tu, atoboe ukuta aweke feni, yaishe. Halafu bomba liwe pana au jembamba? Lipite juu au chini? Hakujua ashike lipi aache lipi. Alichora mashine kwa penseli kwenye kila ubao uliokuwa karibu, mpaka nikawa nafuta mabomba kwa msasa kwenye vitanda vya wateja.

"Baba watoto, chagua yoyote," nikamwambia. "Kifua ni changu, na mimi nimechoka."

"Yoyote ndiyo ipi?" akaniuliza, na wala hakuwa anatania.

Mwishowe akachukua ya mfuko, nadhani kwa kuwa muuza duka ndiye aliyeongea haraka kuliko wenzake. Akaiweka katikati ya chumba, bomba akaliunga kwenye msumeno na mashine ya kuranda, maana huko ndiko uchafu unakoonekana. Alipowasha, maranda yakamezwa yote. Sakafu ikawa safi, unaweza kulala. Fundi wa kuchomelea alikuja kuangalia akaondoka kimyakimya. Kipimo alitembea kifua mbele siku nzima, nami nikafurahi, nikidhani tumepona.

Nikakohoa zaidi.

Hapo tulichanganyikiwa kwelikweli. Sakafu inang'aa, mfuko umejaa, na mimi nakohoa hadi machozi yananitoka. Akaongeza gundi kwenye viungo vya bomba. Akaisogeza mashine karibu na kona yangu, akidhani iko mbali, nikazidi. Akaanza kuniuliza kama nimekunywa kitu cha baridi. Nilimjibu vibaya, tukashinda hatusemeshani.

Asubuhi moja akanyanyua kigoda changu, akakiweka nje ya mlango bila kunitazama.

"Mama watoto, pumzika kidogo. Msasa nitapiga mwenyewe."

Hiyo kidogo naijua. Ukishatolewa kidogo, hutarudi tena. Nikakaa pale mlangoni, mikono mitupu, nikalia, na wala sikujificha.

Ndani akawasha mashine. Jua lilikuwa linapenya kwenye tundu la msumari kwenye bati, mwanga wake umenyooka mpaka kwenye ule mfuko. Nikaona mfuko unafuka. Ulifura, na vumbi jembamba likawa linatoka kwenye kitambaa chenyewe, linapanda, linaelea kwenda kule kwenye kona yangu. Nilitazama nisiamini. Ilikuwa kama chekecheo la unga, makapi yanabaki na ulio laini unapita. Maranda yasiyomdhuru mtu tulikuwa tumeyafungia, na lile vumbi la kuingia kifuani tumelipulizia upepo.

Nikamwita. Nikamkalisha kwenye kigoda changu, nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta futi, kwa mazoea tu, ukarudi mtupu.

"Kumbe nilikuwa nakulisha vumbi," akasema.

"Ungenitoa mimi," nikamwambia, "na huyu mwenzangu vumbi akabaki ndani."

Alichukua nyundo na patasi, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma, upande usio na mtu, akaanza kutoboa. Hakupima. Tangu nimjue sijawahi kuona kitu kama hicho. Tundu lilikwenda upande, likawa kubwa kuliko haja, ikabidi azibe kwa vipande vya mbao. Mashine ikakaa nje chini ya bati lake, mfuko ukawa unafuka hukohuko, na bomba moja akalileta mpaka mezani kwangu, mdomo wake pale mkono wangu unapopita. Shemeji mpaka leo anadai ni wazo lake.

Nikarudi kwenye kona yangu. Meza aliyokuwa ameipiga msasa mwenyewe niliipitishia kiganja, ikanichoma vibanzi, nikaianza upya. Sijafika mbali, mashine ikazimika.

"Kuna nini tena?" nikauliza.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Kama unakohoa."

"Sikohoi."

"Haya," akasema, akawasha. Baada ya muda akazima tena, akasimama pale mlangoni, ameinamisha kichwa. Siku ile alizima na kuwasha mpaka meza ya mteja ikachelewa, na mimi sikumgombeza.