Miguu Yote Miwili ya Mama

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuuliza. Nilikuwa kijana, nafanya kazi katika maabara ya hospitali moja hapa Moroni, nimepanga chumba mtaa wa Magoudjou. Mama yangu alikuwa kwetu Mutsamudu, kisiwani Nzuani, akitunzwa na mdogo wangu Zainaba. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Wakati huo Nzuani ilikuwa imejitenga kisiasa na visiwa vingine. Vyombo vya kuvuka vilikuwa haba, na simu leo inashika, kesho haishiki.

Siku hiyo ikashika.

"Dada," Zainaba akasema, "mama halali tena chali. Nikimlaza anahema, anataka akae. Na amevimba miguuni."

"Ni kiharusi hicho," nikamjibu. "Mguu usiotembea huvimba. Mkande tu."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa navaa koti jeupe, unajua tena.

Kesho yake nikamsimulia daktari mzee wa pale, kama habari tu. Akaweka kalamu chini.

"Kiharusi kilimpata upande gani?"

"Kulia."

"Na uvimbe uko mguu mmoja au yote miwili?"

Sikuwa nimeuliza.

"Binti," akasema taratibu, "mama yako hawezi kusema. Wewe unayeweza, mbona hukuuliza?"

Nilihangaika na simu siku tatu ndipo nikampata Zainaba. Ilikuwa miguu yote miwili, ilhali kiharusi kilipooza mmoja tu. Moyo wa mama ulikuwa umechoka, haumudu kusukuma damu, nasi tulikuwa tunakilaumu kiharusi peke yake. Zainaba akampeleka kwa daktari wa kule, akapewa dawa ya kupunguza maji mwilini. Uvimbe ukashuka, akaweza kulala. Zainaba aliniambia kwamba mama alitabasamu, kwa upande mmoja wa uso. Tabasamu lile sikuliona. Alifariki miezi michache baadaye, kabla sijapata njia ya kuvuka. Mpaka leo nikipita sokoni Volo Volo nikasikia mwanamke anaongea Kinzuani cha kwetu, hupunguza mwendo, nikaitafuta sauti ya mama humo.

Siku hizi kuna kipimo cha damu. Moyo unapoelemewa hutoa kemikali ambayo maabara huiona, hata kwa mgonjwa asiyeweza kueleza anavyojisikia. Lakini kiharusi chenyewe nacho huweza kuipandisha, kwa hiyo majibu hayo hayasomwi peke yake. Husomwa pamoja na pumzi ya mgonjwa, uvimbe wake na picha ya moyo wake.

Wewe unaanza kazi nasi hapa maabara mwaka huu, mwanangu. Usiridhike na ugonjwa wa kwanza uliokwisha kupata jina. Huenda nyuma yake upo mwingine. Uliza, na ukishauliza, subiri ujibiwe. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio lenye subira, na wazazi wako akuwekee karibu, uwatazame usoni mpaka siku yao ya mwisho.