Masta Silinda ya Mtumba

Juzi, katika duka la spea Mpendae, nilibinya mkono wa masta silinda ya mtumba, ile pampu ya breki ya pikipiki, ukazama bila kushika. Harufu ya mafuta ya breki ilinirudisha utotoni.

"Nzima hii, sheikh," muuzaji alimwambia baba siku ile, akimpa masta silinda ya mtumba kama hiyo. Mimi nilifurahi kwamba hata vidole vyangu viliweza kuibinya. Baba akaifunga kwenye pikipiki yetu kuukuu.

Karibu na Mkokotoni, gari la ng'ombe likakata njia mbele yetu. Baba alibinya breki, mwendo haukupungua.

"Nshike, mwanangu!"

Tukaingia shamba la mihogo, majani yakinichapa miguu. Tuliposimama, nilibandika sikio mgongoni kwake. Ndani mlikuwa mkidunda kwa kishindo.

"Baba, zima injini," nilimwambia huku nikilia.

Ilikuwa imeshazimika.