Twende Kilioni

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, tukiishi Tumba, huku Uswidi, mimi na mama yangu wawili tu, nilikuwa na tabia ya kujitwika mikono kichwani, hasa nikitazama televisheni, na sikujua kama ni kosa mpaka Mama Odeta aliponiona.

Mama Odeta alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mrundi, tukisali naye kanisa moja, na ndiye aliyekuwa akiniangalia mama akienda Kista kusafisha ofisi. Siku hiyo alitoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi.

"Weye mtoto! Toa mikono ku kichwa! Unamuitia mama yako kufa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba kwao, na hata kwao mama yangu kule Kigoma, anayejitwika mikono kichwani ni mtu aliyefiwa, sasa mtoto akifanya hivyo na mama yake yuko hai ni kama anauambia msiba njoo, nyumba iko tayari. Nikaitoa mikono. Lakini nilikuwa najisahau, na wakati mwingine, niseme ukweli, sikujisahau, nilijitwika kwa makusudi nikiwa peke yangu chumbani, basi tu, kuona kama kutatokea kitu.

Kikatokea. Majani yalipoanza kupukutika mama akawa anakonda, macho yakageuka manjano, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Saratani ya kongosho. Hilo neno kongosho nimelijua ukubwani, wakati ule nililijua kwa Kiswidi tu, neno refu lisiloisha. Mama mwenyewe ndiye aliyenikalisha akaniambia madaktari hawawezi kumponya, wataweza kumtuliza maumivu, basi.

Sikumwambia mtu ninachokijua mimi. Shuleni nilikalia mikono yangu, viganja chini ya mapaja mpaka vinakufa ganzi. Mwalimu akiuliza swali sinyooshi kidole hata kama jibu ninalo, maana niliona mkono ukishapanda juu, kichwa hakiko mbali. Mwalimu alidhani nina baridi, akanitafutia glavu.

Jumamosi moja, theluji imejaa kwenye roshani, mama akaniita sebuleni. Alikuwa ameegemea mito kwenye kochi, chanuo na kopo la mafuta ya nywele mapajani.

"Leo unajisuka mwenyewe."

"Sijui kujisuka."

"Si ndiyo maana nakuita? Tunaanza na rahisi. Twende kilioni."

Ni ile mistari ya moja kwa moja kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, mtindo wa haraka kuliko yote, wa mwanamke aliyepata habari ya msiba ghafla na hana muda wa mapambo. Nilikuwa nimesukwa hivyo miaka yote, jina lake sikuwahi kulisikia. Siku ile nikalisikia, nikaelewa kila kitu kwa pamoja, kwa nini anifundishe leo, kwa nini nijisuke mwenyewe, kwa nini asisuke yeye, na hasira ikanipanda nikalitupa lile chanuo ukutani.

"Unanifundisha ili ufe!"

Mama hakupaza sauti. "Nakufundisha kwa sababu nakufa, mwanangu. Hayo ni mambo mawili."

"Sijishiki kichwa tena mimi! Nilijishika, ndiyo maana unaumwa, ni mimi, ni mimi niliyekuitia!"

Mama akauliza, "Mama Odeta?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, machozi yanamtoka. "Mimi nimejitwika mikono utoto wangu wote, nimechapwa mpaka aliyenichapa akachoka. Bibi yako si huyo yuko Kigoma? Jana tu kwenye simu alikuwa anagombana na jirani kwa ajili ya kuku."

Kisha kicheko kikamwisha. Akanivuta, akaishika mikono yangu miwili, akaipandisha mwenyewe juu ya kichwa changu, akaikandamiza pale.

"Lia," akasema. "Lia sasa hivi, nikiwa nakusikia."

Nikalia, Mungu wangu, nililia kama wanavyolia watu wazima msibani. Nikamwambia namchukia. Akasema, "Najua." Nikamwambia asiniache. Hapo alinishika tu. Baadaye, mimi bado nina kwikwi, akaniokotesha chanuo tukasuka. Mistari yangu ilipinda vibaya, mmoja uliishia juu ya sikio, mama akautazama akasema, "Huu haufiki kilioni, huu umeshukia Flemingsberg," vituo viwili vya treni kabla ya kwetu.

Alifariki kabla shule hazijafungwa. Mama Odeta ndiye aliyenichukua na kunilea, na sijawahi kumlaumu, alikuwa anamlinda mama kwa alichokijua. Siku ya msiba alinikuta nimejisuka, akataka kunifumua anisuke vizuri. Nilikataa.

Nimefikiri sana juu ya ile miiko tunayowekewa tukiwa watoto. Nadhani mwiko ule ulikuwa unatuzuia kumlilia mtu kabla ya wakati, na mama aliuvunja kwa sababu alijua wakati ukifika yeye hatakuwepo kunishika. Alinipa msiba wangu mapema, akakaa nao pamoja nami, mchana kweupe, kwenye kochi.

Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Mimi sasa nina ishirini na sita, nakaa Hässelby na binti yangu wa miaka minne, na tumbo likiniuma kidogo tu najiona nimekwisha, usingizi unaruka. Zamani nilidhani mama hakuogopa. Sasa najua aliogopa, lazima aliogopa, na bado hakunidanganya. Juzi mwanangu ameniuliza, kwa Kiswidi chake cha chekechea, kama na mimi nitakufa. Nilimwambia hapana, ale chakula chake.