Maji ya Kibuyu Ngomeni

Nikifungua kibuyu cha mama, ile harufu ya moshi hunirudisha Mombasa, siku kanisa letu la Mutomo lilipotembelea ngome. Mtu aliyetutembeza alisema ilijengwa kulinda bandari, lakini maadui wakaizingira mpaka waliokuwa ndani wakaisha kwa maradhi na kiu. Bahari ilikuwa hapo chini yao, na kisima kilitoa maji ya chumvi.

Mama akauliza, "Hata watoto?"

"Hata watoto, mama."

Huyu mama alikuwa akinichapa nikimwaga hata kikombe kimoja, maana maji tuliyachimba kwenye mchanga wa mto. Sasa akafungua kibuyu, maji yetu ya safari nzima, akayamwaga polepole juu ya yale mawe, kama nyanya alivyowamwagia wafu kabla hajaokoka.

Mchungaji akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wewe ni shemasi."

"Najua, mchungaji." Akakigonga kibuyu kitako mpaka tone la mwisho likatoka.

Nilirudi Mutomo koo limekauka, na sikuthubutu kuomba maji.