Beti Tano za Kuchemshia Maji

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Makole mtanishuhudia, maji ya kunywa hayakuwa na kizibo cha plastiki. Yalikuja kwa mkokoteni, kwenye madumu ya njano, yakamiminwa ndani ya pipa, na ukiona kitu kinaelea juu ulikipuliza pembeni ukanywa zako. Upepo wa Dodoma nao ulituongezea vumbi jekundu bila kuombwa. Zilikuwa enzi za ruksa: maduka yamejaa, mitumba imefika, jirani mmoja kanunua televisheni na mtaa mzima umehamia dirishani kwake. Sisi watoto tulicheza rede, kukwepana na mpira wa soksi, mpaka miguu na mikono inabadilika rangi, halafu tunamumunya ubuyu kwa mikono hiyohiyo. Mwanangu angeiona ile mikono, angezimia.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi kikaingia kipindupindu. Mama ntilie wakafungiwa, machungwa ya kumenywa yakapotea barabarani. Kilichowauma watu wa kanisani kwetu ni kukatazwa kushikana mikono. Sisi baada ya ibada tulitoka tukiimba, tukapanga duara pale nje, kila mtu akamshika mkono kila mtu, hata uliyegombana naye bombani. Sasa ikabidi tupungiane kwa mbali kama watu wa stesheni. Bibi yangu mzaa baba, Mgogo wa kuimba mpaka majani yageuke, aliona ni balaa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Bwana afya alifika uani kwetu, akasema maji yakianza kutokota yaachwe motoni dakika tano. Saa pekee ya nyumba ilikuwa mkononi mwa Baba, na Baba alikuwa dereva, kila siku safarini.

"Dakika tano ndiyo kiasi gani?" Bibi akauliza.

Bwana afya akaanza kueleza, Bibi akamkatiza. Akachagua wimbo mmoja wa kitabuni, wa beti tano na kiitikio, akauimba wote palepale kwa mwendo wake wa taratibu. Bwana afya akatazama saa yake, akacheka. "Inatosha, bibi. Tena inazidi."

Basi ndiyo ikawa saa yetu. Kazi ya kuimba nilipewa mimi, na kazi ya kuhesabu beti kwa vidole alipewa Hadija, rafiki yangu wa rika moja. Mama yake, Mama Hadija, alikuwa Mrangi wa Kolo, mjane, muuza kuku, Mwislamu safi, na tulipanga naye ua mmoja. Sufuria ilikuwa moja, na nyumba zote mbili zilikunywa humo.

Sasa jamani, ubeti wa tatu ulikuwa mrefu na unapanda juu kama mlima. Nje wenzetu wanaita, "Yunisi! Hadija! Rede imeanza!" Siku moja nikauruka. Nikatoka wa pili nikatua wa nne, na Hadija bila haya akakunja kidole akasema, "Nne!" Tukaepua sufuria tukakimbia. Hakuna aliyekufa. Kesho yake tukauruka tena, na keshokutwa.

Wiki hiyohiyo, asubuhi, Mama Hadija akaanguka mlangoni mwa choo. Mpaka jua linakolea alikuwa hana nguvu ya kufumbua macho. Wakambeba hadi kambi ya wagonjwa, ambayo ilikuwa madarasa mawili ya shule yetu, yamezungushiwa kamba ya katani. Wauguzi walikuwa wachache, ndugu wa karibu wako Kolo, na mtaani watu walikuwa wanasema anayeingia kule hatoki. Kila mlango wa jirani ukafungwa.

Mama yangu akajifunga kanga mbili, akachukua sabuni ya mche na kikombe. Aliomba pale jikoni, sala fupi, akaianza upya mara mbili.

"Mama, unaogopa?"

"Naogopa, Yunisi, nisikudanganye. Ila ninayekwenda naye haogopi."

Akaenda kumuuguza. Mimi nikabaki napiga hesabu. Mama Hadija akifa nimemuua mimi, na Mama akiambukizwa nimewaua wawili, kwa sababu ya rede! Hadija naye alikuwa anavitazama vile vidole vyake tu. Siku mbili hatukula. Bibi akadhani nasi tumeugua, akaanza kutafuta mkokoteni wa kutupeleka kambini.

Siku ya tatu mchana nikamshika Hadija mkono, marufuku au si marufuku, tukapiga magoti mbele ya Bibi. Nilikuwa nimeomba Mungu anipe ujasiri wa kusema, na nadhani aliniletea kwa kijiko, maana sauti haikutoka. Hadija ndiye aliyeanza: "Bibi, tuliruka wa tatu." Halafu tukalia wote wawili kama mbuzi.

Nilingoja fimbo. Bibi akatufuta kamasi kwa pindo la kanga yake. "Mmesema, Mungu amesikia, yamekwisha. Sasa hebu chemsheni. Mkiruka tena mtaniona mimi."

Tulichemsha. Tulijaza dumu dogo, Bibi akatutanguliza mpaka shuleni, tukasimama nyuma ya ile kamba. Muuguzi akalipokea. Mama akachungulia dirishani mwa darasa letu, amekonda lakini yu mzima, akatupungia. Bibi akanisukuma: "Imba. Wajue hayo maji yamechemka." Mwe! Mbele ya watu wote wale, na bwana afya mwenyewe kasimama na bomba lake la dawa. Nikaimba hivyohivyo. Nilipofika ubeti wa tatu nikaupanda wote, sauti ikakatika nikaiokota nikaendelea. Hadija alinyoosha vidole juu ili mama yake, kama anaona, aone tano kamili.

Tulirudi kila siku. Siku ya saba Mama Hadija akatoka, amemshika Mama bega, amebaki mifupa na maneno. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa hiki: "Yale maji ya Chemba! Nilifuata kuku, kiu ikanibana, nikanywa ya kisimani kwa watu." Siku zote zile, kumbe haikuwa sufuria yetu! Nikamtazama Bibi. Alikuwa ameangalia pembeni, anacheka kimyakimya.

Tangu siku hiyo Mama Hadija alichemsha maji yake kwa ule wimbo, mtandio kichwani, bila kukosea neno. Watu wa mtaa walimtania kwamba atabatizwa kwa bahati mbaya. Alijibu kwamba Mungu anajua yeye anachemsha maji.

Leo watoto wangu wana birika la umeme linalojizima lenyewe. Wananunua maji ya chupa, kisha wananiuliza kama yana ladha. Ulipokuja ule ugonjwa wa barakoa waliwekewa mlio wa simu wa kuhesabia sekunde za kunawa, nami nikasimama kwenye karo nikiimba beti tano, wanachekelea: "Mama, maji yanaisha!" Wacheke. Ndani yangu woga ulikuwa unapungua ubeti kwa ubeti, na hilo simu yao haiwezi.

Mwaka juzi tulimzika Mama. Ua ule umeshauzwa, Bibi alitangulia zamani, na Hadija alisafiri usiku kucha kuja. Kwaya walianza wimbo wetu makaburini. Jua lilikuwa kali, vijana wa kwaya wana haraka zao, wakatoka ubeti wa pili wakatua wa nne.

Mama Hadija, mzee sasa, alikuwa amekalishwa kwenye kiti kati ya akina mama wenzake. Akainua fimbo yake.

"Rudini wa tatu," akasema kwa sauti. "Maji hayajachemka."

Vijana wakatazamana, hawakuelewa. Mimi na Hadija tukashikana mikono, tukauanza.